Mnyoo Si Rafiki wa Zamani

Kuna hoja inayotembea siku hizi miongoni mwetu tuliosoma, na imefika mahali inahitaji kujibiwa. Inasema hivi: Wazungu wamejisafisha mpaka wamejidhuru. Wameua kila kijidudu, wamebaki na pumu, mzio wa karanga na magonjwa ya utumbo ambayo babu zetu hawakuyajua. Sisi tulisalimika kwa sababu tulichezea udongo, na tumboni mwetu walikaa minyoo walioituliza kinga ya mwili. Kwa hiyo, inamalizia hoja, dawa za minyoo wanazopewa watoto shuleni zinatuondolea ulinzi wetu wa asili. Waacheni watoto na minyoo wao.

Nimeisikia Dar es Salaam, kwenye kundi la WhatsApp la watu wenye shahada, ikiambatana na makala ya Kiingereza. Huko ilikuwa mazungumzo ya kupitisha jioni. Halafu nikaikuta Ilongero, mkoani Singida, nyumbani kwa shangazi yangu, na huko ilikuwa imeshageuka amri. Binamu yangu amehitimu chuo, anasubiri ajira, na kwa sasa anamsaidia mama yake kulima alizeti. Siku ya dawa ilipotangazwa shuleni, alimwambia mama yake awazuie wajukuu nyumbani. Shangazi akawazuia. Msomi wa nyumba amesema, nani abishe?

Mdogo wa wale wajukuu ana miaka 7. Viganja vyake vilikuwa vimepauka. Wenzake wakirudi kuchota maji huweka ndoo na kwenda kucheza. Yeye aliweka ndoo na kukaa chini ya mti.

Sitaijibu hoja hii kwa kejeli, maana nusu yake ni kweli, na hiyo nusu ndiyo inayoipa miguu. Mwaka 1989 daktari Mwingereza, David Strachan, alichapisha uchunguzi wa watoto zaidi ya 17,000 wa Uingereza waliofuatiliwa tangu kuzaliwa mwaka 1958. Aliona kwamba mtoto mwenye ndugu wengi, hasa wakubwa kwake, alikuwa na nafasi ndogo ya kupata mafua ya mzio. Akapendekeza kwamba maambukizi ya utotoni, yanayoletwa na ndugu wanaochangia kitanda na kikombe, yanaufunza mwili kutohamaki ovyo. Mwaka 2003 mwenzake, Graham Rook, aliliendeleza wazo hilo akaliita la “marafiki wa zamani”: viumbe walioishi na binadamu kwa muda mrefu kiasi kwamba kinga yetu ilijifunza kazi yake wakiwapo. Kwenye orodha ya marafiki hao alikuwapo mnyoo.

Tuangalie basi huyo mnyoo anafanya nini, maana bila kuelewa kazi yake tutabaki kurushiana maneno.

Bakteria ni mdogo. Seli ya kinga inaweza kummeza. Mnyoo hamezeki. Jike la mnyoo wa mviringo, yule anayeitwa Ascaris, hufikia sentimita 35 na hutaga mayai kama 200,000 kwa siku. Adui wa ukubwa huo mwili hupambana naye kwa kumfukuza. Kwenye ngozi ya ndani ya utumbo kuna seli chache zenye kishungi kichwani, ambazo kwa miaka mingi hazikujulikana kazi yake. Mwaka 2016 makundi matatu ya watafiti yalionyesha, kwa kutumia panya, kwamba seli hizo ndizo zinazopiga mbiu vimelea wakiingia. Mbiu ikipigwa, seli nyingine huzalisha ute mwingi, misuli ya utumbo hukaza, na mgeni husukumwa atoke.

Mnyoo anayetaka kukaa mwaka mzima au zaidi hana budi kuinyamazisha mbiu hiyo. Mwili wenyewe una breki zake: seli T za udhibiti, ambazo kazi yake ni kuziambia seli nyingine zitulie vita vikiisha, na kemikali kama interleukini-10 zinazopeleka ujumbe huo. Mnyoo huzikanyaga breki hizo. Mwaka 2017 kundi la Rick Maizels, huko Uskoti, lilieleza protini inayotolewa na mnyoo wa utumbo wa panya, Heligmosomoides polygyrus. Kwa umbo haifanani na ishara ya mwili inayoamuru utulivu. Lakini inajipachika mahali palepale ishara hiyo inapojipachika, na seli T zikiipokea hugeuka kuwa za udhibiti. Ni kama mtu aliyechonga muhuri wa mtendaji wa kijiji. Barua haikutoka ofisini, lakini mgambo wakiuona muhuri wanarudi nyumbani.

Breki hizo hazimhusu mnyoo peke yake. Zikikanyagwa, utumbo mzima na hata mwili hupunguza ukali kwa vitu vingine pia: vumbi, chakula, bakteria wa kawaida. Mwaka 2000 watafiti waliofanya kazi na watoto wa shule huko Lambaréné, Gabon, walionyesha kwamba wenye kichocho walikuwa na interleukini-10 nyingi zaidi, na ngozi zao hazikuvimba sana zilipojaribiwa kwa wadudu wa vumbi la nyumbani. Miaka michache baadaye, watoto wa huko walipotibiwa mara kwa mara, ngozi zao zilianza kuvimba zaidi. Na mwaka 2005, huko Iowa, Marekani, kundi la Joel Weinstock liliwapa wagonjwa 29 wa ugonjwa wa Crohn, ambao ni uvimbe mkali wa utumbo, mayai 2,500 ya mnyoo wa nguruwe kila baada ya wiki 3. Baada ya wiki 24 wengi wao walikuwa wamepata nafuu kubwa.

Hiyo ndiyo nusu ya kweli. Mnyoo anaituliza kinga, na sina ugomvi na maabara iliyoonyesha hivyo.

Ugomvi wangu unaanzia pale mtu anapotoka kwenye “mnyoo anatuliza” akarukia “basi mnyoo ni mlinzi wetu”. Nilimweleza shangazi jambo hili kwa lugha nyepesi, tukiwa tumekaa kwenye mkeka tunapura alizeti. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Kwa hiyo kweli anatuliza?”

“Anatuliza, shangazi.”

“Hata mwizi akija usiku humtupia mbwa nyama.”

Sijawahi kusikia maelezo bora zaidi ya jambo hilo, na nimesoma kurasa nyingi kulihusu. Utulivu ule ni wa mnyoo. Anautengeneza ili ale. Kama katikati ya ukimya huo mbwa ameacha pia kumbwekea jirani asiye na hatia, ni bahati ya jirani, na hatuwezi kuandika kwamba mwizi amekuja kulinda mtaa.

Na mwizi huyu anachukua nini? Minyoo wa safura hujishikiza kwenye utumbo mwembamba na kunywa damu. Mmoja huchukua kidogo sana kwa siku. Wakiwa wengi, kwa mtoto ambaye sahani yake ni ugali wa uwele na mlenda na nyama ni ya sikukuu, madini ya chuma yanayotoka hayarudi kwa kasi inayotosha. Tafiti za Pemba za miaka ya 1990 zilionyesha waziwazi kwamba safura ilikuwa chanzo kikubwa cha upungufu wa damu kwa wanafunzi wa huko. Waswahili walilijua jambo hili kabla ya darubini: neno safura lenyewe linabeba weupe wa viganja na uchovu wa mtu asiye na damu. Na Waswahili haohao walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mnyoo wa safura anaweza kukaa miaka kadhaa, na jembe hajaligusa.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye viganja. Breki hazichagui. Kinga iliyotulizwa isihamaki kwa vumbi inaweza pia kutulia mahali inapotakiwa kuchangamka. Mwaka 2000 Philip Cooper na wenzake walichapisha jaribio kutoka Ecuador: watoto wenye minyoo ya mviringo walipewa chanjo ya kipindupindu ya kunywa. Waliopewa kwanza albendazoli, dawa ya kawaida ya minyoo, waliitikia chanjo vizuri zaidi kuliko ambao hawakupewa. Sidai kwamba ni hivyo kwa kila chanjo. Entebbe, Uganda, wajawazito walipopewa dawa za minyoo, mwitikio wa watoto wao kwa chanjo za utotoni haukubadilika. Lakini katika nchi ambayo kipindupindu bado kinarudi, anayeusifia utulivu wa utumbo anapaswa kutuambia utumbo huo utafanya nini siku adui wa kweli akiingia.

Sasa turudi Iowa, maana hapo ndipo hoja ya binamu yangu inapojikwaa zaidi. Mgonjwa wa Iowa alipewa mayai yaliyohesabiwa. Yalikuwa ya mnyoo wa nguruwe, aliyechaguliwa kwa sababu hakai muda mrefu ndani ya binadamu. Mgonjwa alikuwa mtu mzima, amekubali kwa maandishi, ana daktari anayempima, ana choo cha kuvuta maji ili mayai yasimfikie jirani. Mtoto wa Ilongero hapewi mayai yaliyohesabiwa. Anapata minyoo asiojua aina wala idadi yao, kwenye udongo anaoukanyaga bila viatu, na hakuna aliyemwomba ridhaa. Kuyaita mambo haya mawili kwa jina moja, “kuishi na minyoo”, ni kama kuita dawa ya usingizi ya chumba cha upasuaji na kupigwa rungu kichwani “kulazwa”.

Hata Iowa kwenyewe habari haikuishia mwaka 2005. Wale wagonjwa 29 wote walijua wanapewa mayai; hapakuwa na kundi la kulinganisha. Lilipofanyika jaribio kubwa zaidi, la wagonjwa kama 250, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 hayakuonyesha kwamba mayai yaliwashinda waliopewa maji yasiyo na kitu. Habari ya kwanza ilienea dunia nzima. Ya pili haijafika kwenye kundi letu la WhatsApp.

Lakini ushahidi mzito zaidi hauko Marekani. Uko hapa kwetu, Ziwa Victoria, kwenye visiwa vya Koome nchini Uganda. Swali lilikuwa lilelile la binamu yangu: tukiwaondolea watu minyoo kwa nguvu, je, mzio na pumu vitaongezeka? Vijiji 26 vya wavuvi viligawanywa kwa kura. Vingine vilipata dawa za kawaida, vingine vikapata nyingi zaidi, kila baada ya miezi 3, kwa miaka 3. Kichocho cha tumbo kilipungua zaidi kwenye vijiji vya dawa nyingi. Kupumua kwa mluzi na mzio wa ngozi havikutofautiana. Ulinzi tunaoambiwa tunaupoteza haukuonekana kupotea.

Kuna matokeo mamoja yanayosimama upande wa binamu yangu, na ninayaweka mezani. Katika utafiti wa Entebbe wa wajawazito 2,507 walioandikishwa kati ya mwaka 2003 na 2005, watoto wa mama waliopewa albendazoli walipata ukurutu zaidi katika utoto wao wa mwanzo kuliko wa mama ambao hawakupewa. Ni jambo la kuchukuliwa kwa uzito, na ni sababu ya mjamzito kupewa dawa kwa ushauri wa mhudumu wa afya. Watoto hao walipofuatiliwa hadi miaka 9, dawa hizo hazikuonekana kuwaongezea mzio. Huo ndio uwiano wa ushahidi: upande mmoja ukurutu wa utotoni unaopita, upande wa pili damu, kimo na masomo.

Kuna jambo jingine linalonisumbua kuliko sayansi yenyewe. Mwaka 1998 mwanaanthropolojia Wenzel Geissler aliandika kuhusu Wajaluo wa magharibi mwa Kenya walioamini kwamba minyoo ni sehemu ya mwili, kwamba husaidia kusaga chakula, na kwamba mtu hawezi kuishi bila wao. Wasomi wa kizazi chetu wakiyasikia maneno hayo kwa bibi kijijini wanacheka, wanasema elimu haijamfikia. Mzungu akisema “marafiki wa zamani” kwa Kiingereza, wanaitikia kwa kichwa na kusambaza. Bibi angalau alizungumza kutokana na tumbo analolijua. Sisi tunazungumzia tumbo la mtoto wa shangazi kwa kutumia matatizo ya mtu wa London.

Wala sitawaacha salama wale wa upande wa pili, wanaodhani kidonge kimoja mara moja au mbili kwa mwaka ndiyo kazi imekwisha. Kuna mnyoo-mjeledi, ambaye huchomeka sehemu yake ya mbele, nyembamba kama uzi, ndani ya utumbo mpana. Katika jaribio la Pemba lililochapishwa mwaka 2014, albendazoli peke yake ilimwondoa kabisa kwa asilimia 2.6 tu ya watoto. Ilipochanganywa na oxantel pamoate ikafika asilimia 31.2. Na hata minyoo wanaokufa kirahisi hurudi, kwa sababu mtoto aliyetibiwa Jumatatu anakanyaga udongo uleule Jumanne. Kidonge bila choo ni kuchota maji kwa tenga.

Halafu kuna namna kidonge kinavyoletwa. Mwaka 2008 mkoani Morogoro, ugawaji wa dawa za kichocho na minyoo shuleni ulizua ghasia mpaka wizara ikausimamisha. Wazazi walisikia watoto wanapewa vidonge vikubwa, wanatapika, na hapakuwa na mtu aliyewaeleza kwa utulivu ni vya nini, kwa nini ule kwanza, na kwa nini tumbo linasokota baadaye. Mahali maelezo yasipofika, uvumi hufika. Binamu yangu hakuingia kwa shangazi kwa nguvu ya hoja yake. Aliingia kwa sababu mlango ulikuwa wazi: karatasi ya shule ilisema tarehe ya dawa na haikusema zaidi.

Nchi hii iliwahi kujua kueleza. Mwaka 1973 kampeni ya “Mtu ni Afya” iliwakalisha watu wazima kama milioni 2 kwenye vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, wakainuka kwenda kuchimba vyoo. Mwaka 2017 tukapata “Nyumba ni Choo”. Nazitaja kwa sababu zote mbili ziliweka mkazo pale mnyoo anapoumia kweli, yaani njia kutoka kwenye kinyesi kwenda kwenye mguu na mdomo. Ilongero ina msaada ambao Pemba haina. Kiangazi chetu ni kirefu na udongo hukauka mpaka unapasuka, na mayai na vijinyoo vya udongoni havipendi jua wala ukavu. Jua linafanya sehemu ya kazi bila malipo. Choo chenye mfuniko, maji ya kunawia na viatu vya mtoto vingefanya iliyobaki, hasa miezi ya mvua.

Yule mtoto wa miaka 7 alipelekwa zahanati hatimaye. Aliyesema apelekwe ni shangazi, si mimi wala binamu. Kwenye darubini yalionekana mayai ya safura, na damu yake ilikuwa chini. Alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa akilindwa.

Wapo wanaouliza kama basi tuache kuwachunguza minyoo. La hasha. Wachunguzwe zaidi. Ile protini yenye muhuri wa kughushi inaweza siku moja kuwa dawa ya mtu mwenye Crohn au pumu, Mzungu au Mnyaturu, kwa kuwa pumu ipo Singida pia. Thamani ya mnyoo iko kwenye alichokibuni, na hicho kinaweza kutolewa kwake kikatengenezwa maabara, kikapimwa kwa gramu, bila kumwacha yeye mwenyewe kwenye utumbo wa mtoto. Na tukumbuke sehemu kubwa ya elimu hii ilitoka wapi: Lambaréné, Entebbe, Koome, Pemba. Watoto wa huko walitoa damu na kinyesi ili dunia ijue kinga ya utumbo inavyodhibitiwa. Malipo ya kwanza wanayostahili ni maji, choo na dawa inayofanya kazi. Wakiambiwa badala yake wabaki na minyoo kwa faida yao, hayo ni matusi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, makala ile ikikufikia tena kwenye simu, uliza kabla hujaisambaza: huyu aliyetulizwa na minyoo ana miaka mingapi, amekula nini jana, nani alihesabu mayai, na nani atampima damu wiki ijayo? Kama majibu hayapo, usiitume Ilongero. Kule kuna watu wanaoyachukua maneno ya wasomi kwa uzito kuliko sisi wenyewe tunavyoyachukua.